Pikipiki ya Maji na Habari ya Baba

Mwaka ule mvua ilinyesha Isiolo kana kwamba kuna mtu alifungua bomba akaenda zake. Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, najijua, lakini safari hii chumvi ni kidogo. Barabara ya Garbatulla ilikatika, mbuzi wakaogelea huko Chechelesi, na katikati ya maji hayo baba yetu akafariki, Jumanne asubuhi. Kabla ya saa kumi tulikuwa tumemzika.

Sikulia. Nilibeba jeneza, nikashika sepetu, nikapeana mikono na watu wa kujaza uwanja wa ndege, na ndani yangu sikusikia kitu. Ilikuwa kama ufizi uliodungwa sindano ya ganzi: unajua jino linang'olewa, ila ni kama la mtu mwingine.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya kumfikishia kaka yangu habari. Alikuwa Biliqo na ng'ombe, ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro. Kwetu sisi Waborana, kifo cha mzazi hakitumwi kwa redio ya polisi wala hakipigiwi kelele kutoka mbali. Mwenye msiba anafikiwa alipo, anakalishwa chini, anashikwa bega, ndipo anaambiwa. Mtoto akiisikia habari hiyo amesimama peke yake malishoni, aliyeipeleka hivyo atasemwa mpaka wajukuu wake wazeeke.

Haji, mwenye gereji nilikofanya kazi, akasema atanipeleka mwenyewe kwa lori lake. Alikuwa mzee wa zile familia ambazo babu zao walikuja na jeshi la wakoloni wakabaki, na kwenye kivuko cha mto huo alikuwa na kitu ambacho Isiolo nzima walikicheka: pikipiki ya maji. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyefunga kambi yake ya watalii akarudi kwao. Ilikuwa na usukani kama pikipiki ya kawaida, haikuwa na gurudumu, ilinyonya maji tumboni na kuyatema nyuma ndipo iende. Mto ukijaa, Haji aliitumia kuvuta chelezo cha mapipa chenye sukari na majani ya chai. Kiangazi ililala chini ya mikeka, nasi tukaisahau.

Tulifika Alhamisi mchana. Mto ulikuwa mwekundu na mpana kama nchi jirani. Watu wa ng'ambo waliona lori, wakamwita kaka, na muda si muda nikamwona amesimama ukingoni na fimbo yake.

"Nagaa?" akaita, yaani ni amani?

"Nagaa," nikajibu.

Hapo sikudanganya. Kwetu salamu hujibiwa amani kwanza, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Habari mbaya hungoja watu wakae. Shida ni kwamba yeye hakukaa, aliendelea kuuliza. Watoto? Nagaa. Mbuzi? Nagaa. Na baba?

Mdomo wangu ukakimbia wenyewe. Nikamwambia baba ni mzima, tena jana usiku amemaliza paja la mbuzi peke yake na kuulizia lingine.

Haji akanigeukia. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni mwaka uliotangulia, madarasa ya watu wazima tunayoita gumbaru, na hakuwahi kuniacha nisahau.

"Wewe gumbaru," akasema polepole, "umeulizwa habari. Hukuambiwa uandike insha."

Tukaisukuma ile mashine mpaka maji ya magoti, tukaifunga kwa kamba kwenye mgunga. Nikabonyeza swichi. Tik. Nikabonyeza tena. Tik. Betri ilikuwa imekufa kabisa, nami nikasema heri kufa kwake kuliko kuugua, maana tulikuwa na lori. Tukaunga waya kutoka betri ya lori, nikabonyeza, ikanguruma na kutoa moshi wa kufunika wilaya tatu. Nikahesabu. Nilipofika arobaini ikakohoa, ikazima.

Nikajua ni kabureta. Fundi yeyote angejua hivyo, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Niliifungua, nikapuliza matundu yake, nikaifunga. Arobaini, ikazima. Nikamwaga petroli yote, nikachuja nyingine kwa kitambaa cha kilemba cha Haji, nikachanganya na oili upya. Arobaini. Nikabadilisha plagi, nikaifungua kabureta mara ya pili na ya tatu, mpaka ikawa safi kuliko sahani ya harusi. Arobaini.

Wakati wote huo kaka aliketi ng'ambo amejifunika shuka, akitutazama. Kila mashine ilipozima aliuliza jambo. Mara moja aliuliza kama baba ametuma neno. Nikajibu kwamba anamtaka yule fahali mwekundu aletwe Isiolo, akamwonyeshe kila mtu. Nilisikia sauti yangu ikiwa changamfu, sauti ya mtu wa harusi. Vidole vilikuwa vinakaza skrubu. Nikavitazama kama vidole vya fundi mwingine niliyemwajiri.

Kesho yake asubuhi nilichoka na kabureta nikakaa tu. Nikajiuliza swali ambalo mwalimu wetu wa sayansi wa jioni alikuwa akituuliza tukikwama: kitu kikitoka, nini kinaingia mahali pake? Petroli ikitoka kwenye tangi, hewa lazima iingie. Mashine ilipozima tena kwenye arobaini, sikugusa kabureta. Nilifungua kifuniko cha tangi. Tangi likavuta pumzi ndefu, fsss, na swichi ilipobonyezwa injini ikawaka mara moja.

Nikaufuata mpira mwembamba wa kupitishia hewa mpaka mwisho wake. Ulikuwa umezibwa kwa udongo mkavu. Nyigu wa matope walijenga nyumba humo kiangazi kizima, kazi safi, hata mimi nisingeweza kulainisha hivyo. Nikautoboa kwa waya. Injini ikapita arobaini, ikapita mia, ikaendelea.

Nilitaka kupanda hapo hapo. Haji akanishika shati.

"Ikizima katikati utaivuta kwa kamba gani?"

Alisema kweli. Mashine ile iliwashwa kwa betri tu, na betri yake haikuwa ikichaji. Nikaunga balbu ya taa ya nyuma ya lori kwenye betri yake, nikavuta moto, yaani nikaipa injini mafuta zaidi. Injini ilipiga kelele lakini balbu ikabaki hafifu vile vile. Umeme ulikuwa unapotea njiani. Nikazifuata waya kutoka kwenye koili ya kuzalisha umeme, na chini ya kiti nikakuta kiungo kimoja kimeota kutu ya kijani. Nikaikwangua kwa kisu, nikasokota waya upya, nikafunga kwa mpira. Nikavuta moto tena. Balbu ikang'aa.

Tukaiacha ingurume saa nzima mpaka betri ikashika chaji. Nikaizima, nikaiwasha bila lori mara tano. Ndipo Haji akaachia shati langu.

Nilivuka nimejilaza juu ya usukani, na mto ulinirusha kama chandarua kinavyokung'utwa, lakini injini haikukohoa. Kaka aliingia majini mpaka kiunoni akaishika pua ya mashine. Tukapanda ukingo. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Isiolo. Nikamwambia tukae.

"Kaa wewe kwanza," akasema.

Nikakaa. Akakaa karibu yangu, akaweka mkono begani kwangu, jinsi nilivyokuwa nimejiandaa kumfanyia.

"Mdogo wangu, baba hana jino la kutafuna nyama tangu wewe hujaoa. Jana nilijua."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia angesemaje kwa kelele kutoka ng'ambo, na mimi nilikuwa ninajitahidi hivyo kumficha. Akaona afadhali niachwe nitengeneze mashine.

Hata hivyo nilimwambia yote, kwa sababu ni lazima habari isemwe. Siku, saa, nani alikuwepo, kaburi liko upande gani wa makaburi. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akauliza nani alimwosha.

"Mimi," nikasema. "Mimi na Haji."

Nikaitazama mikono yangu, ile ile iliyokaza skrubu siku mbili bila kukosea, na safari hii ilikuwa yangu. Haji alituita kutoka ng'ambo kuuliza kama mambo ni sawa. Kaka aliishika mikono yangu yote miwili, ikiwa bado inanuka petroli, akakaa nayo hivyo.