Lesi ya Kofia ya Mtoto

Mkunga alifundishwa kusuka lesi na wifi yake, fundi cherehani mwenye ulimi wa wembe. Jioni walikaa sebuleni kwa mkunga, mto mgumu uliojazwa maranda ukiwa katikati yao. Pini zilichomekwa kwenye mchoro wa karatasi, na kila uzi ulifungwa kwenye kijiti chake. Mkunga alivipishanisha jozi kwa jozi.

"Taratibu, wifi! Huzalishi hapa," fundi alimtania.

"Ulimi wako ungeshonea magunia."

Lesi ile ilikuwa pindo la kofia ya mjukuu wa fundi, aliyekuwa bado tumboni.

Binti wa fundi aliposhikwa na uchungu, mkunga ndiye aliyekuwa zamuni. Mtoto alitoka kitovu kimemzonga shingoni. Mkunga alimsugua mgongo, akampulizia pumzi, akaendelea hata daktari aliposema basi. Mtoto hakulia.

Baada ya maziko, fundi alikuja kuchukua mto wake.

"Ngoja nikate nyuzi, ubebe vizuri," mkunga alisema.

"Usikate kitu." Akaubeba hivyohivyo, vijiti vikigongana. Mlangoni akageuka. "Mikono yako inajua lesi tu."

Mume wa mkunga alikuwepo. Alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, asimtetee yeyote. Hilo nalo lilimchoma mkunga.

Kazini akaanza kuiogopa mikono yake. Alikagua, akarudia, mpaka wenzake wakamsihi achukue likizo. Nyumbani akajishonea mto, akachonga vijiti, lakini kona ya lesi ikamshinda. Kila akiifikia, nyuzi zinalegea, anafumua.

"Kamuulize dada mwenyewe," mumewe alisema hatimaye.

"Atanifukuza."

"Akufukuze basi. Mnanimaliza na kununiana kwenu."

Alikwenda, mto kwapani. Fundi alifungua mlango. Hakusema karibu, wala hakuufunga.

"Shikamoo, anti," binti alisema, akasogea kumpisha kwenye kochi. Mkunga aliitikia, akaketi.

Fundi aliuvuta mto, akaitazama kona, akaifumua bila kuuliza. "Jozi hii ilitakiwa ingoje. Kaza huku."

Mkunga alikaza. Alitaka kusema jambo, machozi yakamtangulia.

"Utalowesha uzi," fundi alisema, naye akajifuta kwa kanga.

Walimaliza kona ile. Siku hizi mkunga huenda tena, na binti huwaletea chai. Utani haujarudi.