Mgonjwa wa Alasiri

Asubuhi sina dalili yoyote, na huo ndio ubaya wake. Nikiamka nina nguvu za kufagia uwanja, kukuna nazi na kufundisha vipindi viwili bila kukaa. Kufika adhuhuri kope huanza kushuka. Alasiri ulimi unakuwa mzito, chakula kinanishinda kutafuna, na mkono haufiki ubaoni. Nikilala kwa muda wa saa mbili, narudi kuwa mtu. Ugonjwa huu unaitwa miasthenia. Kabla ya kujulikana nilitibiwa upungufu wa damu, na daktari mmoja aliniuliza kwa upole kama nimeachwa na mchumba. Aliyeugundua alinieleza hivi: mishipa ya fahamu inaagiza, misuli haisikii, na siku mbaya ugonjwa unaweza kushika hata misuli ya kuvutia pumzi.

Kwa hiyo nilipopangiwa kuhamia skuli ya Kojani, sikuogopa kisiwa. Niliogopa boti itakayokuwa kati yangu na hospitali. Ofisi ya elimu ilisema wazi: leta cheti cha ulemavu kutoka kwenye kamati ya Chake Chake, au karipoti Kojani mwezi ujao. Kamati nayo haifungui faili bila barua ya sheha wako, mkuu wa mtaa, akithibitisha kwamba anakujua na anaijua hali yako.

Njia nzima nilijiuliza kama neno lenyewe ni langu. Mlemavu? Mtu anayekuna nazi saa moja asubuhi? Na nani kaamua kwamba ulemavu lazima udumu kutwa? Nilikuwa bado nabishana na nafsi yangu nilipofika kwa sheha, saa mbili asubuhi, buibui limepigwa pasi, nimejifukiza udi kama inavyotakiwa mtu akienda kwa mkubwa. Nilionekana kama bibi harusi.

"Shikamoo, Mzee Sheha."

"Marahaba, mwalimu. Harusi lini?"

"Nimekuja kutaka barua. Ya ulemavu."

"Wa nani?"

"Wangu."

Alivua miwani akanitazama kuanzia ushungi hadi viatu. "Weye? Mwanangu, mama yako kaniambia hapa hapa, kwa mdomo wake, kwamba unashinda ndani kwa sababu unasomea shahada nyingine. Tena kuna posa kutoka Unguja. Leo nikupigie muhuri wa ulemavu? Kesho nikiulizwa nitasema nini?"

Nilimpa karatasi za hospitali. Alizipindua mbele na nyuma, akanirudishia. "Hizi za daktari. Yeye anaijua misuli. Miye nashuhudia ninachokijua."

Hoja yake ilikuwa nzuri, na hilo liliniudhi zaidi.

Nilikwenda kazini nikiwa na hasira, nikarudi alasiri nikiwa nayo bado. Mama alikuwa barazani anachambua karafuu.

"Umemwambia sheha nasomea shahada?"

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba kope zinakuanguka?"

"Ndiyo!"

"Nimekusitiri. Ntu hatangazi maradhi ya binti yake. Ataolewa na nani?"

"Na pumzi zikinikatika Kojani, nitaolewa na nani?"

Akauinamia ungo wake. Mimi niliendelea, maana sijui kuacha. Nani alimwomba? Kusitiri huku kunamfunika nani, mimi au yeye? Kwa nini presha ya baba iliombewa dua msikitini na maradhi yangu yanafichwa chumbani? Mama aliendelea kuchambua, vijiti vya makonyo huku, karafuu huku. Mpaka sauti yangu ikaanza kupita puani, na sentensi ya mwisho haikutoka yote. Hapo akauweka ungo chini, akanitazama usoni.

"Inuka," akasema. "Twende hivyo hivyo ulivyo."

Sheha alikuwa nje ya nyumba yake na mzee mwenzake, wanakunywa kahawa. Mama hakukubali kukaa.

"Sheha, nilikuongopea. Shahada haipo. Posa ilikuwepo, nikaikataa mwenyewe kwa kuogopa wasije wakajua. Binti yangu mgonjwa, mwaka wa tatu huu. Mtazame sasa hivi."

Sheha alinipa fomu ya kamati. "Isome. Kwa sauti."

Mistari minne ya kwanza niliisoma kiualimu. Ya tano ilianza kuteleza. Kufika nusu ya ukurasa jicho la kushoto lilikuwa limefunga, na neno "mwombaji" lilinitoka kama mtu mwenye uji mdomoni.

"Sheha, mwache mtoto wa watu," akasema yule mzee. "Hata miye nikisomeshwa fomu za serikali macho hufunga."

Nilicheka mimi, akacheka na mama. Sheha hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na karatasi na muhuri, akaandika pale pale alichokiona. Chini aliacha nafasi ya shahidi. Mama alitia saini yake polepole, herufi moja moja.

Tukirudi, alisimama kwa jirani yetu, aliyekuwa mlangoni anasuka ukili. "Afadhali jambo hili alisikie kwangu," alininong'oneza, kisha akalisema lote. Jirani alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa.

"Pole, shoga yangu. Lakini mbona twajua?"

"Mwajua nini?"

"Tangu ile harusi aliyoshindwa kutafuna pilau. Nyumba zote hizi zajua. Twaliona hutaki kusema, tukakustahi."

Mama alimshukuru, akaanza kuondoka. Mimi niligeukia tulikotoka.

"Wapi weye?" akauliza mama.

"Kwa sheha. Nikamuulize kama na yeye alikuwa anajua."

"Barua unayo?"

"Ninayo."

"Basi tangulia, twende nyumbani."

Faili langu sasa limefunguliwa, na ofisi ya elimu imekubali kungoja majibu, Kojani sijaenda. Kamati ilinipangia kuja kutazamwa saa mbili asubuhi. Nilikwenda Chake Chake mwenyewe kuomba saa nane mchana. Karani alisema watu wote huonwa asubuhi, ndivyo ilivyo. Nilimwomba anioneshe palipoandikwa. Alifungua jalada moja, akafungua la pili, akaniambia nikae.

Nilikaa. Saa sita, saa ya kope zangu kushuka, ilikuwa inakaribia, na sikuwa na haraka.