Kisindano

Wateja waliwaita Fundi Mkubwa na Fundi Mdogo, wala si kwamba mmoja alimzidi mwenzake ufundi. Walikuwa dada na mdogo wake, waliorithi chumba cha kushonea kutoka kwa shangazi yao, mwanamke mkali aliyewafundisha kazi wakiwa wasichana. Sheria yake ilikuwa moja tu: unapompima mtu nguo, pini zikae midomoni, na domo lifungwe.

Sasa, kumnyima msichana umbea ni kumwonea. Wakatunga lugha inayosemeka pini zikiwa mdomoni, wakaiita Kisindano. Kila sauti waliijaribu kwanza juu ya kitambaa. Ikiangusha pini, imefukuzwa. M ilifukuzwa siku ya kwanza, na B, P, F, V na W zikaifuata, maana zote zinataka midomo ihangaike. O na U nazo zikaenda, kwa kosa la kuchongoa midomo. Zikabaki A, E na I, pamoja na konsonanti zile ambazo ulimi huzimaliza ndani kwa ndani. Tena kila konsonanti ilitembea na irabu yake. Zikifuatana mbili, ulimi ulisukuma pini na damu ikatoka. Hata pini zenyewe hawakuweza kuziita pini, wakaziita teli. Maji yakawa silaki. Mteja anayevuta tumbo ndani ili kiuno kionekane chembamba alikuwa na neno lake, na hilo tuliache.

Baadaye walinunua kisahani chenye sumaku cha kuwekea pini. Midomo ikawa huru, na Kisindano kikabaki cha utani wa mara mojamoja.

Kisha Fundi Mkubwa akapata kiharusi. Upande wa kulia ulilala wote, mkono pamoja na mdomo. Mwanawe, fundi wa mafriji anayeishi mji mwingine, alikuja kukaa naye, akawa anamfundisha kusema upya, kwa upendo wote wa mtoto kwa mzazi.

"Mama, sema maji. Sema mama. Sema baba."

Midomo haikukutana. Kilichotoka ni pumzi na mate. Ukimuuliza jambo la ndiyo au hapana, kichwa kilitikisika ovyo, kama kilivyotikisika hata asipoulizwa. Mwishowe mgonjwa akageukia ukuta, akaacha kujaribu.

"Mama mdogo, akili imeondoka," kijana alisema siku ya kurudi kwake. "Nitatafuta gari nije nimchukue."

Fundi Mdogo hakumbishia, kwa kuwa hata yeye aliamini hivyo. Alikuwa akimlisha dada yake huku akimsemesha kitoto, jambo ambalo akilikumbuka anatamani ardhi ipasuke.

Asubuhi moja alikuwa akimpunguzia gauni, maana mwili ulikuwa umekwisha. Kisahani kilikuwa mbali, basi akabana pini midomoni kama zamani, akapiga magoti mbele ya kiti. Akasikia sauti juu ya kichwa chake, ya polepole lakini wazi.

"Deri."

Kwa Kisindano ni kusema: limepinda. Pini zote zikamdondoka. Akatazama pindo, na kweli lilikuwa limekwenda upande. Alimkumbatia dada yake miguuni akalia mpaka akachoka, kisha akalifumua pindo na kulianza upya, kwa sababu lisingeweza kuachwa vile.

Tangu hapo ilikuwa soga kutwa. Fundi Mkubwa aliulalamikia uji, akauliza kama yule mteja msumbufu bado anakuja, akasema amechoka kuambiwa aseme baba. Fundi Mdogo alifurahi, na papo hapo akaogopa. Alimpigia simu kijana amwambie asije, mambo yamebadilika. Kijana akaja vilevile, na gari.

"Anasema," mama yake mdogo alimwambia, akamweleza kisa chote cha pini.

Kijana alisikiliza, uso umekunjamana. "Mama mdogo, sikukatalii. Lakini hiyo ni lugha yenu wawili. Nitajuaje kama anayesema ni yeye au ni wewe?"

"Muulize. Nitakufasiria."

Akachuchumaa mbele ya kiti. "Mama, tuondoke wote, au unabaki hapa?"

Fundi Mkubwa alijibu kwa kirefu. Alisema anataka kwenda. Alisema kila anapoinuliwa kitandani anamsikia mdogo wake akiguna kwa maumivu ya mgongo, na mdogo mtu huyo hasemi. Alisema mdogo wake asimkasirikie.

Fundi Mdogo aliitazama cherehani ya dada yake. Ilikuwa imekaa kimya muda mrefu, lakini mwenyewe yupo, na hilo lilimtosha.

"Anasema anabaki."

Kijana aliinamisha kichwa. Fundi Mkubwa akamtazama mdogo wake, bila hasira, akatoa maneno machache.

"Anasemaje tena?"

Fundi Mdogo aliona aibu mpaka uso ukapata moto. "Anasema masikio yake hayakuugua." Akakaa kitako sakafuni. "Nimekudanganya, mwanangu. Anataka kwenda nawe."

Hapo ndipo kijana alipoamini kwamba mama yake anasema. Alishika mkono wa mama yake ule mzima.

Fundi Mdogo alivuta kisahani, akachagua pini. "Haya, bana hizi. Huondoki naye hujajifunza. Sema silaki. Ni maji. Hawezi kukaa na kiu kwa sababu mwanawe hajui."

Pini zikaanguka. Fundi Mkubwa akacheka kwa nusu ya mdomo. Zikaokotwa, zikafutwa, zikarudishwa, hadi neno likasimama.

"Lingine," kijana alisema.

"Riseni."

"Maana yake?"

"Ni mimi. Ndivyo anavyoniita. Ukimsikia analisema, unipigie simu."

Kijana akazibana pini vizuri, akalisema. Hakuna iliyoanguka. Fundi Mdogo alitaka kumsifu, akajikuta ameitika.