Babu wa Kwenye Picha

Asubuhi moja nilitoka Bariadi bila mpango, mfukoni nikiwa na picha niliyoiokota kwenye ofisi ya ushirika, iliyofungwa baada ya wanunuzi binafsi wa pamba kuingia. Pichani kijana mwenye kofia ya upande alisimama kando ya mzani, na nyuma yake pamba ilikuwa kama mawingu yaliyotua. Nilimtazama miezi mingi hadi nikaanza kumwita babu.

Jioni nilifika Ngulyati, sina pa kulala. Bibi mmoja alikuwa anapepeta mtama uani. Huku mtu mwenye ukoo hafukuzwi, basi nikamwamkia na kumpa picha.

"Huyu ni babu yangu. Alikuwa mtu wa hapa, ila Mungu alishamchukua."

Aliitazama muda mrefu. "Pole, mjukuu wangu." Kisha akageukia zizini. "Baba Shija, njoo umwone mjukuu wako. Anasema ulishakufa."

Mzee akatoka na kibuyu cha maziwa, kofia yake upande vilevile.

"Nilikufa kwa nini?"

"Homa," nikajibu, nikitazama miguu yangu.

"Basi utalala na ndama, mjukuu. Ukiniota tena, niote nikiwa hai."