Pengo Aliloliziba Fundi Viatu

Saa tatu asubuhi, Armelle Gourdon anapigilia misumari kwenye kisigino cha kiatu cha mhudumu wa hoteli, lakini akili yake haiko kwenye kisigino. Iko kwenye ncha ya meza, mbali na chupa za gundi, ambako kigurudumu kidogo cha filamu kimefunikwa kwa bakuli la kioo. Anapiga msumari mmoja, anakitazama. Anapiga wa pili, anakitazama tena. Pigo la tatu linamwangukia kidoleni.

"Nyundo haipatani na mtu mwenye mawazo," anasema akinyonya kidole. "Na mimi tangu mwezi uliopita sina kingine ila mawazo."

Armelle ana miaka hamsini na saba. Viatu vya watu wa Montluçon, mji wa Ufaransa, amevitengeneza tangu hajaolewa, katika duka hilihili la mlango mmoja lililo chini ya ngome. Kisigino ni euro kumi na mbili, na mwezi ukiwa mbaya, akishalipa pango, hubaki na euro mia tisa za kula na kuwasha moto. Filamu hazimwongezei hata senti. Mwaka huu zimemletea asali, jibini la mbuzi na ugomvi.

Filamu zenyewe ni zile za majumbani, za upana wa milimita tisa na nusu, ambazo mababu wa Kifaransa walizipigia picha harusi na watoto kabla televisheni haijaingia sebuleni. Hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena. Zinaishi kwa ubishi wa watu wachache, na Montluçon watu hao ni kumi na wanne, wengi wao wastaafu, wanaokutana kila Alhamisi katika chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja kubishana na kunywa mvinyo mweupe.

Mkubwa wao ni Odilon Besset, fundi wa reli mstaafu wa miaka sabini na tisa. Ameunda mashine yake mwenyewe inayopasua filamu pana ya sinema vipande vitatu, kisha inatoboa tundu katikati, baina ya picha moja na nyingine. Kazi yote hiyo huifanya gizani.

"Wenzetu matundu yao yako pembeni," anasema Odilon. "La kwetu liko katikati. Ukikosea unywele, umemtoboa bibi harusi paji la uso."

Ni yeye aliyemwingiza Armelle chamani. Alileta buti zake kutiwa soli, akaona jinsi mama huyu anavyounga ngozi mbili hadi kiungo kikapotea. Akamwambia mikono kama hiyo inazeekea bure kwenye miguu ya watu. Tangu siku hiyo humwita Fundi Visigino, na kila filamu iliyochanika humpelekea yeye.

Ndivyo mwezi uliopita Bi Huguette Laroche, mwenye umri wa miaka themanini na miwili, alivyofika dukani na kopo la biskuti mikononi. Ndani mlikuwa na kigurudumu kimoja. Baba yake, Anselme, alikuwa mwoka mikate kijijini, na kamera ya kuzungusha kwa mkono ndiyo iliyokuwa anasa yake ya pekee. Bi Huguette alisema anataka kumwona mama yake, Léontine, akija langoni. Mama huyo alifariki Huguette akiwa na miaka saba, na picha nyingine za nyumbani ziliharibiwa na maji.

Hakusema zaidi ya hapo, na Armelle hakuuliza. Alikaa na filamu ile jioni kadhaa. Palipochanika aliunga, matundu yaliyotatuka aliyarudishia umbo lake. Kisha, ukingoni, akakuta pengo dogo mithili ya palipong'atwa na panya.

Hapa msomaji avumilie kidogo. Katika filamu hizo za zamani, mapengo yana kazi. Ili kuokoa filamu, maandishi ya maelezo yalipigwa picha chache tu, na ukingo ukakatwa pengo. Mashine ikilihisi pengo, picha husimama ukutani kwa muda wa kusomeka, ingawa mkono wa mtu unaendelea kuzungusha. Kila mwanachama analijua hilo, na Armelle analijua.

"Lakini filamu ya mwoka mikate haina hata herufi moja," anasema. "Hakuna cha kusoma. Sasa pengo la nini? Nikasema limechanika. Fundi viatu akiona tundu, anaziba."

Akaliziba, na akaliziba vizuri mno.

Alhamisi iliyofuata Bi Huguette aliletwa na mwanawe Régis, dereva wa gari la maziwa, kuitazama filamu kwa projekta ya umeme ya Odilon. Ukutani likatokea lango, kuku wakapita, mwanamke mwenye aproni akaja, akatabasamu, akapita. Ilikuwa kama kupepesa jicho.

"Mbona hasimami?" Bi Huguette aliuliza.

Odilon alimweleza kwa upole kwamba filamu ikisimama mbele ya taa kali namna ile itaungua. Bi Huguette akatikisa kichwa. Mama alikuwa anasimama, alisema. Jikoni kwao, baba akiwaonyesha filamu, shuka likiwa limetundikwa ukutani, mama akifika langoni alikuwa anatulia na kuwatazama, na wao watoto wanainuka kumwamkia. Kisha anaendelea na safari yake. Na mkono wa baba haukuacha kuzungusha hata mara moja.

Régis alikohoa. "Mama, siku hizi unachanganya mambo."

"Nachanganya tarehe za daktari, Régis. Hili silichanganyi."

Mzee Odilon alihisi jambo. Aliuchukua ukingo wa filamu, akaupitisha baina ya vidole viwili toka mwanzo hadi mwisho akitafuta pengo. Ukingo wote ulikuwa laini. Akasema hakuna kitu.

Bi Huguette alivaa koti lake polepole, filamu akaiacha mezani. Mlangoni akasema labda aliota, mtoto wa miaka saba anaweza kuota chochote. Régis akamshika kiwiko jinsi anavyoshikwa mgonjwa. Na Armelle, aliyekuwa amekaa hatua chache kutoka hapo, alinyamaza.

"Ulimi wangu uligeuka soli," anasema. "Nilijiambia si pengo lile, kwa sababu halikuwa na maandishi. Kisha nikajiambia ndilo hilohilo. Nikarudi nyumbani sijui kama nimetengeneza filamu ya watu au nimemfanya mama wa watu aonekane amepungukiwa akili."

Kesho yake alimweleza Odilon. Mzee alicheka kwanza, kisha akaona uso wa mwenzake, kicheko kikamkwama. Walilitafuta pengo kwa lenzi wasilione. Armelle alipaswa kushindana na mikono yake mwenyewe, na mikono yake ilikuwa inashinda. Mwishowe aliliona kwa kuinamisha filamu kwenye mwanga wa dirisha, gundi ikang'aa kidogo. Akakibandua kiraka.

Chama kina projekta moja ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, yenye taa dhaifu isiyoweza kuunguza kitu. Wakaitia filamu humo. Odilon akazungusha, na kweli, picha ikasimama. Ila haikusimama penye uso. Uso wa Léontine ulikuwa umekwishapita nyuma ya nguzo. Ukutani ulibaki mkono tu, umeshika lango.

Hapo wakachanganyikiwa wote wawili. Nani angesimamisha mkono? Walibishana hadi Odilon alipohesabu picha na kuelewa. Mashine haisimami penye pengo, husimama picha chache mbele yake. Anselme hakulijua hilo. Alikata pengo palepale penye uso wa mkewe, akadhani ndipo patakaposimama.

"Mkate aliujua," anasema Odilon. "Mashine, hapana."

Sasa Armelle ana swali jingine linalomnyima usingizi. Anaweza kuliziba tena pengo la mwoka mikate na kukata jipya nyuma kidogo, uso usimame sawasawa. Ni kazi ya dakika tano. Je, aifanye? Odilon anasema ifanyike, kosa ni kosa. Wanachama wengine wanasema mkono usiguswe. Armelle ameamua kumwachia mwenye filamu, na ndiyo sababu leo nyundo inamkosea adabu.

Saa tano kasoro robo, kengele ya mlango inalia. Bi Huguette anaingia, Régis nyuma yake akiangalia saa. Armelle hapotezi muda. Anawaambia yote wakiwa bado wamesimama: pengo lilikuwepo, yeye ndiye aliyeliziba, na Bi Huguette hakuchanganya kitu. Régis anaacha kuangalia saa.

Wanakaa chumba cha nyuma, katikati ya viatu visivyodaiwa na wenyewe. Armelle anafunga dirisha na kuanza kuzungusha. Lango linatokea. Kuku wanapita. Mwanamke anakuja, anatabasamu, anapita nyuma ya nguzo. Mkono wake unashika lango, na hapo unatulia, ilhali mkono wa Armelle unaendelea kuzunguka.

Bi Huguette anainuka kitini. "Umeamkaje, mama," anasema, kwa sauti ndogo ambayo si ya mtu wa miaka themanini na miwili.

Mkono unaondoka langoni. Filamu inakwisha, ukuta unabaki mweupe.

"Miaka yote nimesema ni uso," anasema Bi Huguette. "Kumbe ni mkono. Basi uso ninaoukumbuka mimi niliutoa wapi?"

Armelle anamweleza kosa la baba yake na jinsi linavyoweza kurekebishwa, hata leo, hata sasa hivi. Bi Huguette anapapasa kopo lake la biskuti.

"Baba alikosea, na sisi tukamwamkia mama hivyohivyo," anasema. "Usimsahihishe."

Armelle anaondoa mkono kwenye kisu chake cha kazi. Anasema hata sasa hajui lini fundi anapaswa kuziba na lini anapaswa kuacha, na kwamba kuanzia leo hatagusa tundu la mtu kabla ya kuuliza lilitobolewa kwa nini. Sikukuu ya Watakatifu Wote, ukoo wa Laroche ukirudi kutoka makaburini, atafunga duka na kuipeleka projekta kijijini, shuka litundikwe jikoni kama zamani. Kinachobaki ni mtu wa kuzungusha.

Régis anakohoa tena. Anasema anaweza kujaribu yeye. Anakaa nyuma ya mashine, anashika kishikio kwa vidole vyake vinene vya dereva, na kuuliza akifika pale langoni afanye nini.

"Wewe zungusha tu," mama yake anamwambia. "Atasimama mwenyewe."