Saa Mbili ya Mama Mkwe

Kwa miaka mitatu mpima ardhi na mama mkwe wake waliishi nyumba moja wakisalimiana kwa kupitia mtu wa tatu. "Mwambie mama shikamoo," mpima angesema, na mama mwenyewe yuko hatua mbili pale, anamenya viazi. "Mwambie marahaba," mama angejibu bila kuinua macho. Mke wa mmoja, ambaye ndiye binti wa mwingine, alibaki kugeuza shingo huku na huku hadi akachoka. Hawakuwa na ugomvi hata chembe. Walioneana haya tu, basi.

Mama mkwe alikuwa mpiga chapa mstaafu. Miaka thelathini na minne alipiga chapa hukumu za mahakama, na hadi leo ukimpa karatasi yenye kosa, atalinusa kabla hajavaa miwani. Vidole vyake havikukubali kustaafu. Akikaa kitako, vilicheza magotini utadhani hakimu bado anasema.

Kisha mpima akapelekwa mbali kupima barabara mpya, kazi ya miezi minane. Kompyuta yake kubwa yenye ramani zote ilibaki chumba cha mbele, maana hiyo si ya kubebwa begani. Akiwa kambini aliweza kuingia ndani yake kwa mtandao, mradi ajue namba ya anwani ya nyumba kwenye intaneti. Na namba hiyo ilikuwa kigeugeu wa kupindukia. Umeme ukikatika, ilibadilika. Kampuni ya mtandao ikiamka vibaya, ilibadilika. Ilibidi kila asubuhi mtu amsomee namba ya siku hiyo. Mke wake ni muuguzi, saa kumi na mbili keshatoka. Akabaki mama.

Siku ya kwanza mama alivaa miwani, akasogeza simu yake ya vitufe mdomoni na kusoma kwa sauti ya mahakamani: "Mia mbili na tatu, nukta..." Mpima akaandika mia mbili, kisha tatu, akajikuta anabisha kwenye mlango wa watu asiowajua.

"Samahani, mama. Hiyo mia mbili na tatu ni kitu kimoja au viwili?"

"Kimoja, baba. Ningetaka viwili si ningeweka nukta?"

Mpima akaangua kicheko, na mama naye, kwa mshangao wake mwenyewe, akacheka. Toka siku hiyo simu iliita kila saa mbili kamili asubuhi. Namba ilichukua dakika moja. Dakika ishirini zilizobaki walipiga soga: mbuzi waliong'oa vigingi vya mpima, jogoo wa jirani asiyejua majira, anayewika saa tano mchana. Mama alianza kuandika vituko kwenye daftari la namba asije akavisahau. Alikuwa amempata mwana ukubwani, na alimpenda.

Ndipo fundi wa kompyuta kule kambini alipoleta ujuzi wake. Badala ya namba, alisema, nyumba itapewa jina lisilobadilika. Programu ndogo ndani ya kompyuta itaamka mara moja kwa siku, itazame namba mpya na kuipeleka kwenye lile jina. Yeye na mpima waliingia kwa mbali wakaiweka, ikabaki saa ya kuamka tu, mtandao wa kambini ukakatika kabla hawajaiandika.

"Mama, hapo kwenye kisanduku andika saa mbili asubuhi," mpima akasema kwenye simu. Mama akaandika 2.

Siku tatu simu haikuita. Mama alikaa mbele yake na chai ikapoa. Jogoo aliwika saa tano, na hakuna wa kumwambia. Aliona uchungu, tena uchungu hasa, wala hakujidanganya kuwa ni mafua.

Siku ya nne umeme ulikatika, namba ikabadilika, na simu ikaita. "Mama, jina limegoma! Hebu nisomee namba." Mama alisoma kama anayesoma hukumu ya kumwachia mtu huru.

Jina likaendelea kugoma, hadi binti yake alipopata siku ya mapumziko akachungulia kile kisanduku. "Mama jamani! Mashine inaanza kuhesabu saa sita usiku. Mbili yake ni saa nane usiku, na wewe ukienda kulala unazima swichi ukutani. Saa mbili yetu ni nane yake." Akafuta, akaandika 8, akaenda kuoga.

Mama aliitazama ile nane. Aliyesahihisha makosa ya mahakimu miaka thelathini na minne akanyoosha kidole, akafuta, akarudisha 2.

Wiki kadhaa mambo yakaenda vizuri. Jioni moja mpima akasema, "Kesho saa nne, mama, wakubwa wanakuja kuamua kama barabara inapita nilikopima mimi. Ramani ya mwisho iko huko nyumbani. Nikiikosa, kazi ya miezi sita kwa heri."

Asubuhi yake, kabla ya saa mbili, simu ilimponyoka mama ikatumbukia kwenye beseni la nguo. Ikazima kimya, na zaidi ya saa nzima ya kuifuta na kuianika juani haikuiamsha. Namba ya simu ya mkwewe imo humo humo ndani. Akakimbilia kompyuta, akalinganisha na daftari: anwani ilikuwa imebadilika. "Nimemponza mtoto wa watu," akasema kwa sauti, peke yake chumbani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini. Tatu, ongeza sita. Vidole vikakumbuka kazi. Akafungua kisanduku, akaandika 9:25, akakaa akiuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Dakika ya ishirini na tano ikapita. Ya ishirini na nane, mshale kwenye kioo ukaanza kutembea wenyewe, bila mkono wa mtu. Ukafungua jalada, ukachagua ramani, ukaituma. Mama alipiga makofi peke yake.

Kisha mshale ukafungua ukurasa mweupe, herufi zikajipanga: "Shikamoo mama. Simu yako vipi?"

Mama akavuta kiti. "Marahaba. Imezama. Mwanangu, nina kosa. Ile mbili niliirudisha mimi, kwa makusudi."

Herufi zikajipanga tena:

"Najua, mama. Niliiona mwezi uliopita. Ningeweza kuibadilisha kutoka huku huku. Nikaiacha."

Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kosa lilikuwa la wawili, na hakupata la kusahihisha. Alipomaliza kupenga kamasi, akafungua kile kisanduku na kuandika 8.

"Nimeweka nane," akapiga chapa. "Sasa namba hutaihitaji tena."

"Sitaihitaji. Ila simu ipate kukauka, mama. Kesho saa mbili napiga. Jogoo anaendeleaje?"