Maeneo Machache ya Bonde

Mchana ule usingizi ulinichukua nimeketi, taarifa ya hali ya hewa iko mapajani. Nilitakiwa kuisoma redioni saa kumi na mbili jioni: "Mvua za juu ya wastani zinatarajiwa katika maeneo machache ya bonde." Tangu asubuhi nilikuwa nikiirudia, na roho haikutulia.

Niliota niko studio. Mlango ukafunguka, akaingia Shangazi Rehema, aliyenilea, aliyefariki mwaka juzi. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama siku za kulima mpunga, tope hadi magotini. Sikushangaa. Niliogopa tu asije akakanyaga nyaya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Soma."

Nasoma. Nikiinua macho, tuko shambani kwake, maji yananifika vifundoni, na taa nyekundu ya studio bado inawaka juu ya mpunga.

"Wastani ndiyo nini, mwanangu?"

Alikuwa akiniuliza hivyo enzi za uhai wake, kila nilipotoka kazini. Nami nilikuwa nikimjibu, "Lugha ya wataalamu hiyo, shangazi," nikacheka. Sasa sicheki. Nataka kumwambia ni mvua ya kawaida ya miaka yote, lakini sauti haitoki. Maji yamefika magotini.

"Na hayo maeneo machache, mimi nimo?"

Natazama karatasi. Wino unachuruzika. Tuko jikoni kwake, sufuria zinaelea, naye anahangaika kupandisha gunia la mbegu darini, peke yake. Nataka kumsaidia, miguu haiinuki.

"Sauti yako nzuri," anasema bila kugeuka. "Nilikusikiliza kila siku. Sikuwahi kujua unaniambia nini."

Nikaamka nimelowa jasho. Saa kumi na nusu, jua kali nje. Nikampigia kijana wa ofisi ya hali ya hewa.

"Kaka, juu ya wastani ndiyo kusema maji yatafika wapi?"

"Dada, soma kama ilivyoandikwa."

"Mama yako angekuwa anakaa kando ya mto, ungemwambia nini?"

Akashusha sauti.

"Ningemwambia ahame leo."

"Basi niandikie hivyo."

Akaniandikia. Jioni nikasoma: "Wewe unayekaa kando ya mto, mvua hii inakuja kwako. Pandisha mbegu, chukua watoto, leo ulale kwa ndugu walioko mlimani." Fundi mitambo akanitazama kupitia kioo kama anayetaka kunikatiza, asinikatize.

Mvua ilishuka alfajiri. Mto ukapita juu ya majaruba ya mpunga, ukaingia majumbani, haukumkuta mtu.

Asubuhi mama mmoja akapiga simu kituoni kutoka kwa mdogo wake mlimani. Hakunishukuru. Alitaka kujua maji yatapungua lini, arudi kwake.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Ngoja niwaulize wataalamu, halafu nikueleze mpaka uelewe."